Saa 25 za Jumo 004: injini iliyotengenezwa kwa kilichokuwepo stoo

Ukiinama mbele ya Jumo 004, injini ya jeti ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ndani kabisa ya domo lake utaona kishikio cha kamba. Yeyote aliyewahi kuhangaika na jenereta dogo usiku umeme ukikatika anakijua kishikio cha aina hiyo. Mle ndani mmefichwa kiinjini cha silinda mbili, kile cha kuchanganya oili kwenye petroli, chenye nguvu za farasi 10 hivi. Kazi yake ni moja tu: kuizungusha injini kubwa mpaka ipate mwendo wa kujiendesha yenyewe. Kwa kawaida kiliwashwa kwa umeme. Umeme ukikosekana, fundi aliingiza mkono domoni akavuta kamba. Kwa hiyo injini ya jeti iliyotangulia kutengenezwa kwa maelfu, ikarusha mojawapo ya ndege zenye kasi kubwa zaidi za vita yake, ungeweza kuiwasha kama mashine ya kukatia majani.

Kamba hiyo watu huicheka, kisha husogea kwenye kicheko kikubwa zaidi, yaani saa 25. Huo ndio umri ambao Jumo 004 ilipangiwa kabla ya kushushwa kwenye ndege na kufunguliwa, na nyingi hazikufika huko. Saa 10 ilikuwa habari ya kawaida. Upande wa pili wa vita, injini ya jeti ya Welland ya Rolls-Royce, iliyotokana na kazi ya Mwingereza Frank Whittle, iliingia kazini mwaka 1944 ikiruhusiwa saa 180. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja, hukumu inajiandika: Wajerumani walikurupuka, wakatoa kitu kibovu.

Hukumu hiyo siikubali. Saa 25 zilikuwa bei, na aliyeikubali alijua anachokinunua. Ugomvi wangu na injini hii uko kwingine, kwa wale waliolipishwa bei hiyo bila kuulizwa.

Kwanza niuweke kando mjadala wa nani alitangulia, maana ukishaanza hauishi. Whittle aliomba hataza ya injini yake Januari 1930 akiwa ofisa kijana wa jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1935 hataza ikaachwa ife kwa sababu ya ada ya pauni 5 ambayo yeye hakuwa nayo na wizara haikutaka kuilipa. Hans von Ohain, Mjerumani aliyeanza baadaye bila kushirikiana naye, ndiye ambaye injini yake iliruka kwanza, tarehe 27 Agosti 1939, kwenye ndege ya Heinkel. Kila upande una sababu ya kujivuna. Lakini injini inayoruka dakika chache mbele ya wakubwa na injini inayotoka kiwandani kila siku ni wanyama wawili tofauti, na Jumo 004 ni huyo wa pili.

Baba yake ni Anselm Franz, Mwaustria aliyezaliwa Schladming mwaka 1900, mhandisi wa kampuni ya Junkers mjini Dessau. Utaalamu wake ulikuwa mashine za kusukumia hewa ndani ya injini za pistoni. Mwaka 1939 Wizara ya Anga ya Ujerumani iliipa kampuni kazi ya kutengeneza injini ya jeti, na Franz ndiye aliyekabidhiwa.

Mhunzi ataielewa kazi hiyo haraka kuliko profesa. Makaa bila mvukuto hayayeyushi kitu. Hewa ndiyo inayoupa moto ukali. Injini ya jeti ni moto unaouvuta mvukuto wake wenyewe. Mbele kuna kompresa inayoshindilia hewa, katikati mafuta yanachomwa, nyuma moshi wenye joto kali unazungusha gurudumu la mapanga liitwalo turbini, na turbini imeungwa kwa mhimili mmoja na kompresa ile ya mbele. Nguvu inayobaki baada ya turbini kuchukua haki yake ndiyo inayotoka kwa nyuma na kuisukuma ndege. Shida yote iko kwenye hilo neno “inayobaki”. Kompresa ikiwa mbovu kidogo, turbini nayo ikiwa mbovu kidogo, moto wote unaishia kuvuta mvukuto na hakuna kinachobaki.

Njia za kushindilia hewa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni gurudumu moja kubwa linalorusha hewa pembeni. Ni imara, linavumilia makosa, na wahandisi walikuwa wameshalizoea. Whittle alichagua hilo, na alichagua vizuri. Ya pili ni safu za mapanga madogo, mfano wa pangaboi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya bomba, kila safu ikiongeza shinikizo kidogo. Njia hii ni ngumu, mapanga yake yanavunjika kwa sababu ndogo, lakini injini inatoka nyembamba, na wembamba ni mali kwa ndege ya kasi. Franz, ambaye maisha yake yote kazini alishughulika na magurudumu, alichagua safu. Akaweka 8, akiutegemea ujuzi wa watafiti wa Göttingen, waliokuwa wameshazifanyia kazi kompresa za aina hiyo kwa miaka.

Hapo ndipo wengi humsifu kwa ujasiri. Mimi kinachonivutia ni woga wake baada ya hapo. Alipokwisha kujitia kwenye hatari moja kubwa, alikataa nyingine zote. Alijua kwamba chumba kimoja cha moto chenye umbo la pete kingekuwa bora. Akaweka makopo sita tofauti, kwa sababu kopo moja unaweza kulijaribu peke yake mezani bila kusubiri injini nzima. Msukumo aliolenga ulikuwa wa wastani. Halafu akaikata kazi mafungu mawili. Injini ya kwanza, 004A, itengenezwe bila kuangalia uzito wala aina ya madini, ilimradi izunguke na kufundisha. Ya pili, 004B, ndiyo itakayobanwa. Fundi asiyejijua huanza na vyote kwa pamoja, na baada ya miaka mitatu bado ana mchoro mzuri.

004A iliunguruma kwa mara ya kwanza tarehe 11 Oktoba 1940, mwaka mmoja na ushee tangu kazi itolewe. Januari 1941 ilitoa msukumo wa kilo 430, kisha mapanga yasiyozunguka, yale ya kuelekeza hewa ndani ya kompresa, yakaanza kukatika kwa mtetemo. Yalikuwa yameshikwa upande mmoja tu, yakining’inia kama matawi. Yakabadilishwa yakawa ya chuma. Kufikia Desemba 1941 injini ilikuwa imekimbia saa 10 mfululizo kwa msukumo wa kilo 1,000.

Mshindani wake wa nyumbani, BMW 003, hakuwa na bahati hiyo. Machi 1942 rubani Fritz Wendel aliipaisha Me 262, ndege ya kivita ambayo injini hizi zilikusudiwa, ikiwa na BMW mbili mpya mbawani, na kwa tahadhari injini ya kizamani ya pistoni ikaachwa puani. Zote mbili zilimfia hewani. Akarudi chini kwa ile ya kizamani. Tarehe 18 Julai mwaka huohuo, uwanja wa Leipheim, alijaribu tena kwa Jumo mbili, safari hii bila ya akiba. Ndege ya majaribio ilikuwa na gurudumu la mkiani, kwa hiyo ikikimbia chini ilikaa imeinua pua, na hewa haikuufikia usukani wa mkia. Angeweza kufika mwisho wa uwanja bila kunyanyuka. Wendel alingoja mpaka kilomita 180 kwa saa, akagusa breki. Pua ikainama, mkia ukanyanyuka, usukani ukashika hewa, ndege ikapaa. Kugusa breki ili uruke! Sijui mfano mzuri zaidi wa hali ya teknolojia hii mwaka 1942.

Sasa tuje kwenye chuma, ambako hadithi yote imelala. Turbini hufanya kazi kwenye moshi wa zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, huku ikizunguka karibu mara 9,000 kwa dakika. Kwenye joto hilo chuma cha kawaida hakiyeyuki, lakini kinavutika taratibu kama ubani mdomoni, milimita kwa milimita, mpaka panga linagusa ukuta au linakatika. Dawa yake inajulikana: nikeli, kromi, kobalti, molibdeni. 004A ilikuwa imejaa vitu hivyo, na kwa sababu hiyo haikuwa na maana yoyote kwa viwanda, maana Ujerumani haikuwa navyo. Nikeli yake ilitoka Petsamo, kaskazini ya mbali ya Finland. Kromi ilinunuliwa Uturuki, ambayo Aprili 1944 iliacha kuiuzia. Chanzo kikubwa kabisa cha kobalti duniani kilikuwa Katanga, kwenye migodi ambayo wachimbaji wake walikuwa wakiongea Kiswahili wakati huo kama wanavyoongea leo, na Katanga ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji waliokuwa upande wa Uingereza. Waingereza kwa upande wao walikuwa na nikeli ya Kanada kwa kadiri meli zilivyoweza kubeba, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakapata Nimonic 80, aloi (mchanganyiko wa madini) ya nikeli iliyotengenezwa mahsusi kwa mapanga ya turbini. Zile saa 180 kwa 25 zinapima ramani ya migodi kuliko zinavyopima akili za watu.

Basi angalia Franz alivyoibana 004B. Vyumba vya moto: chuma cha kawaida cha bati, kikapakwa alumini juu ili kisiliwe na kutu ya joto. Mapanga ya turbini: yafanywe matupu ndani, hewa iliyoibwa kwenye kompresa ipite katikati na kuyapoza, ili madini hafifu yaishi kwenye joto lisilo saizi yake. Mwanzoni yalitengenezwa kwa Tinidur, aloi ya Krupp yenye nikeli karibu asilimia 30. Tinidur ilikataa kuchomelewa, kwa hiyo kila panga lilivutwa kutoka kwenye bamba kwa hatua nyingi za taabu. Ikaja Cromadur, isiyo na nikeli; nafasi ya nikeli ilichukuliwa na manganizi. Kwenye karatasi ilikuwa dhaifu zaidi. Lakini ilikubali kukunjwa na kuchomelewa mshono mmoja ukingoni, na panga rahisi lililotengenezwa vizuri likawashinda ndugu zake wa gharama. Mwishowe injini nzima ilibeba kilo mbili na kidogo tu za kromi, na uzito wake ulikuwa umepungua kwa karibu kilo 100 kutoka kwa ule wa 004A. Wizi huo wa hewa ndani ya panga tupu leo ni jambo la kila injini kubwa ya abiria. Wao waliufikia kwa ukata.

Kisha, mwaka 1943, mapanga yakaanza kukatika tena, safari hii ya turbini, na kwenye mwendo wa juu kabisa. Hesabu zilionyesha kwamba makopo sita ya moto yaliyoko mbele na nguzo tatu zilizoko nyuma yalikuwa yakilipiga kila panga misukumo ya mpigo mmoja, sawa na anayemsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi. Msukumo ukilingana na mdundo wa asili wa panga, mtetemo unakua mpaka chuma kinachoka. Lakini mdundo wa asili wa panga ni upi? Mama anayechagua chungu sokoni hukigonga kwa kidole, akasikiliza: kikilia wazi ni kizima, kikilia butu kina ufa. Wahandisi wa Dessau walifanya vivyo hivyo kwa adabu zaidi. Walimwita mwanamuziki mwenye sikio la kuitambua noti bila kupewa ya kulinganishia, panga likasuguliwa kwa upinde wa fidla, naye akataja sauti yake. Wapenzi wa taarabu wanaijua sauti ya upinde kwenye uzi. Jaribu kuiwazia kwenye kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja. Dawa iliyopatikana kwa msaada wa Max Bentele, mtaalamu wa mitetemo, haikuwa na mbwembwe: mapanga yachongwe membamba zaidi kuelekea nchani, yapunguzwe urefu milimita moja, na mwendo wa juu wa injini ushushwe kutoka mizunguko 9,000 hadi 8,700. Milimita moja na mizunguko 300.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba Me 262 ilichelewa kwa sababu Hitler aling’ang’ania iwe ya kubeba mabomu. Ni kweli aling’ang’ania. Lakini hadithi hiyo ilivuma zaidi baada ya vita, na iliwafaa sana majenerali na watengenezaji waliotaka kumtwika marehemu kila lawama. Hata angekaa kimya, ndege ingeruka na nini? Fidla ile ilipigwa 1943, na muundo wa injini ulitulia kiasi cha kuruhusu uzalishaji wa wingi katikati ya 1944. Zaidi ya ndege 1,400 zilitengenezwa, na nyingi hazikuona vita kabisa.

Rubani aliyepewa mojawapo alipewa pia orodha ya makatazo. Kubwa lilikuwa leva ya mafuta: isukumwe polepole mno. Ukiisukuma kwa pupa, mafuta yanatangulia hewa, na hapo ama moto unazima au turbini inaungua. Kwa rubani wa injini ya pistoni, ambaye uhai wake ulitegemea kusukuma leva kwa nguvu hatari inapotokea, hilo lilikuwa kama kukatazwa kupumua. Marubani wa Marekani walilitambua mapema. Hawakuhangaika kuikimbiza Me 262 angani. Waliisubiri karibu na uwanja inapokuja kutua, imepunguza mwendo na haiwezi kuuongeza upesi. Ikabidi Wajerumani waweke ndege za pistoni kulinda zile za jeti wakati wa kutua. Walter Nowotny, mmoja wa marubani wao mashuhuri kuliko wote, alikufa karibu na uwanja wa Achmer tarehe 8 Novemba 1944, injini ikiwa imemsaliti.

Marubani angalau walijua walichopanda. Injini hizi ziliundwa pia chini ya ardhi karibu na Nordhausen, kwenye mahandaki ya mlima Kohnstein, ambako Junkers walipewa upande wa kaskazini, jirani na karakana ya makombora ya V-2. Wafanyakazi wengi wa mahandaki hayo walikuwa wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Katika wafungwa wapatao 60,000 waliopitia kambi hiyo na matawi yake, takriban 20,000 walikufa. Ndiyo maana nahofia makala zinazoisifu Jumo 004 kama ushindi wa ubunifu dhidi ya uhaba, makala ambazo mimi mwenyewe, kama ulivyosoma hapo juu, niko karibu sana kuandika. Panga linalokunjwa na kuchomelewa mshono mmoja lilikuwa werevu wa fundi. Lilikuwa pia kazi ambayo mtu asiyefunzwa, mwenye njaa, angeweza kulazimishwa kuifanya. Urahisi ule ule uliookoa nikeli uliifanya injini ifae kwa utumwa, na Franz alipokubali saa 25, hesabu yake ilidhani kwamba mikono ya kutengeneza injini nyingine haitaisha.

Baada ya vita Franz alipelekwa Marekani pamoja na wataalamu wenzake wengi. Akajiunga na Lycoming, akasanifu T53, injini iliyorusha helikopta za Huey, zile ambazo mlio wake kila mtu aliyeona picha za Vietnam anaujua. Wasovieti walizihamishia nyumbani Jumo zenyewe, wakaziita RD-10, na Aprili 1946 Yak-15 ikaruka na moja.

Ungetarajia basi kwamba gurudumu la Whittle lilikwisha hapo. Halikuisha, na hilo linanilazimu kupunguza sauti kidogo. Wasovieti walipouziwa injini za Nene na Uingereza mwaka 1947, waliziacha Jumo bila kuangalia nyuma, wakainakili Nene, wakaiweka kwenye ndege yao ya kivita ya MiG-15. Kompresa ya gurudumu, ya kizamani kwa hesabu ya Franz, ndiyo iliyopigana Korea dhidi ya ndege za Sabre za Kimarekani zenye kompresa ya safu, na haikuonewa. Franz alikuwa sahihi kuhusu mwelekeo, lakini mwelekeo ulingoja madini.

Afrika Mashariki iliyaona hayo kwa macho, ingawa hakuna aliyetangaza. Mei 1952 ndege ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ilitua Entebbe ikitoka London kwenda Johannesburg, katika safari ya kwanza duniani ya abiria wa kulipa nauli kwa ndege ya jeti. Injini zake nne za Ghost zilikuwa za gurudumu, ukoo wa Whittle. Mwaka 1960 East African Airways nao wakapata Comet zao, toleo la nne, zenye injini za Avon: kompresa ya safu, mapanga yamepangwa mstari mmoja nyuma ya mwingine ndani ya bomba jembamba. Kwenye ndege zote mbili injini zilikuwa zimezikwa ndani ya mzizi wa bawa, na abiria aliyekuwa akipanda ngazi hakuona zaidi ya matundu manne meusi.